Kraka Zilizozamishwa Ndooni

Malindi, 3 Novemba 2024

Kwa wifi yangu Nyevu,

Salamu ndizo hizi, zipokee hata kama huzitaki. Najua namba yangu umeifunga kwenye simu yako, maana nikipiga naambiwa hupatikani, na jirani yako nikimpigia dakika hiyo hiyo anasema umekaa naye unacheka. Basi naandika. Darasa langu la saba halijaoza, na Gona wa gari la Vitengeni ni mtu wa heshima, atakufikishia mkononi.

Mimi ni mzima. Mahamri yangu yanakwisha kabla jua halijapanda, watu wanatoka mpaka Barani kuufuata mkono wa Kanze. Presha inanikumbuka mara moja moja lakini hainiwezi. Huko mvua imenyesha? Mahindi yamesimama? Na ule mguu wako?

Sasa neno lenyewe. Mwanangu Emily, ambaye pia ni damu ya kaka yako marehemu Nyale, nisikukumbushe, amekamilisha kila kitu. Karatasi za Lynn ziko tayari. Bridgit, mwenzake wa kazini, yuko Kilifi likizo, na tarehe ishirini na mbili Desemba anarudi Uingereza. Atamshika Lynn mkono mpaka kwa mamake. Mtoto umekaa naye tangu hajui kufunga kiatu, na umemlea vizuri, sikatai, ingawa mara ya mwisho nywele nilizikuta kama kiota cha kunguru. Sasa imetosha. Mamake anakaa nyumba ya ghorofa, zulia mpaka msalani.

Na kwa kuwa sitaki mjukuu wangu afike huko ashangae kama mbuzi sokoni, naanza kumfundisha Krismasi ya Waingereza. Watu hao mimi nawajua, nilifua mashuka yao hotelini Kikambala wakati wewe hujui Mzungu anafananaje. Tafadhali msomee hapa:

Lynn, mama yangu mdogo, sikiliza. Desemba kule ni baridi ya kuuma meno, saa kumi za jioni giza limeshaingia, na miti imebaki vijiti. Ndiyo maana kila dirisha wanaliwasha taa. Siku ya mkesha kila mtoto hutundika soksi kubwa. Soksi safi, Lynn, si ile yako ya shule. Pembeni wanaweka kikeki na karoti. Kikeki ni cha mzee wa ndevu nyeupe anayeleta zawadi, karoti ni ya wanyama wake wanaomvuta angani, kama punda lakini wana pembe. Asubuhi soksi imejaa, na kule chini kabisa, penye kidole gumba, utakuta chenza. Halafu mezani kila mtu ana kraka. Kraka ni bomba la karatasi lililofungwa ncha mbili, kama peremende kubwa. Haivutwi na mtu mmoja. Wewe unashika ncha hii, mwenzako ncha ile, mnavuta, inalia pa! Anayebaki na kipande kikubwa ndiye mwenye vya ndani: kichezeo, kichekesho kilichoandikwa, na taji la karatasi. Wote wanavaa mataji, hata babu mwenye kipara, ndipo wanakula bata mzinga. Na mamako hukaa meza hiyo hiyo, katikati, kama binti wa nyumba.

Nyevu, nimezitafuta kraka hizo Malindi nzima. Wataliano wetu hawazijui. Nimezipata Kilifi kwa Mwingereza mmoja mzee. Gona anazo, pamoja na soksi nyekundu.

Mimi, Mama Emily,
Kanze


Vitengeni, 17 Novemba 2024

Kanze,

Salamu zimefika. Mimi mzima. Mguu ni wangu, usiuulize. Mvua imenyesha ya kudanganya watu, mahindi yamesimama kama wewe kwenye picha za kanisani: kichwa juu, ndani hamna kitu.

Soksi nimeipokea. Sasa tuje kwa yale mengine. Gona aliniachia boksi mtoto akiwa shuleni. Barua yako sikuifungua kwanza, nilidhani ni matusi, na sikukosea sana. Nikafungua boksi. Nakuta mirija imefungwa huku na huku, nikanusa mmoja, nikasikia harufu ya baruti. Nikamwita Mangi, yule aliyekuwa mlinzi kule mjini. Akachana mmoja taratibu, akatoa kijikaratasi cheusi, akanusa, akarudi nyuma. "Mama, hii baruti kweli." Nikazitia zote kwenye ndoo ya maji, nikafunika na sufuria ya sima, nikaweka jiwe juu, tukaenda kukaa kule kwenye mihogo mpaka Lynn akarudi.

Umemtumia mtoto mabomu, Kanze. Kisha mtoto ndiye anayenililia mimi: "Hawe, ni za kuvuta tu, mwalimu alituonyesha kwenye picha." Kwake mimi ndiye hawe, nyanya yake. Wewe ni bibi wa Malindi.

Na habari ya kuondoka, hivi. Emily hakutolewa mahari na mwanamume yeyote. Kwa hiyo Lynn ni mtoto wa nyumba ya Nyale. Ulipomzika kaka yangu ulingoja mchanga ukauke, ukashika njia ya Malindi na mabeseni yako. Mimi nikabaki na kaburi, na mbuzi, na baadaye mtoto. Hicho kiota cha kunguru nakichana mimi kila Jumapili.

Huku kwetu mtu hatolewi kama kuku tengani. Ukimtaka, njoo mwenyewe, si Gona. Uje na kadzama kichwani, mtungi wa mnazi wa heshima, uuweke mbele ya Mzee Dzombo, baba yetu mdogo, na useme kwa kinywa chako: naomba mtoto. Bila kadzama, ndege hiyo itaruka na kiti kitupu.

Nyevu wa kwa Nyale


Malindi, 24 Novemba 2024

Wifi,

Hujambo. Sisi hatujambo, isipokuwa nilipomsomea Wanjira wa duka la vitenge habari ya ndoo, alicheka mpaka akakaa chini. Umezamisha kraka! Ukaziwekea jiwe! Hata watoto wa chekechea Uingereza wanazivuta, we mtu mzima unakimbilia mihogoni.

Kuhusu mtungi, sikiliza na usinijaribu. Mimi nimeokoka. Nimeokoka mbele ya kanisa zima, na mzee wa kanisa Ochola ndiye aliyenishika mkono nilipoingia majini. Leo Kanze huyo huyo aonekane na pombe kichwani, aibebe kwenye gari, abiria wanusane? Haiwezekani. Nitaleta kreti ya soda, sukari, na leso mbili nzuri, moja yako ingawa hustahili. Mnazi, hapana. Mungu wangu haombwi ruhusa na mtungi.

Na usinifundishe habari ya kaburi. Aliyelala mle alikuwa mume wangu kabla hajawa sababu yako ya kunitukana. Nilikwenda Malindi kwa kuwa Emily alikuwa na ada ya shule na mihogo yako haikuwa inalipa.

Sasa mwite Lynn, msomee, na usiruke mstari:

Lynn wangu, leo Jumapili huko kwa mamako ni siku ya kukoroga. Waingereza wana keki yao ya Krismasi inaitwa pudini, nyeusi kama chungu, ina zabibu kavu na viungo na mafuta ya ng'ombe. Inapikwa mapema ikae ikolee. Siku ya kukoroga, kila mtu wa nyumba anashika mwiko kwa zamu, mkubwa kwa mdogo, anakoroga kutoka mashariki kwenda magharibi, maana Mamajusi walitoka mashariki. Ukikoroga unaomba jambo moja moyoni. Ukimwambia mtu, limeharibika. Siku yenyewe wanazima taa zote, wanaimwagia pudini brandi, wanaiwasha, na inaletwa mezani inawaka moto wa buluu, watu wanapiga makofi! Mwaka jana mamako ndiye aliyeibeba. Kesho yake wanakula viporo baridi na kwenda kutembea kwenye matope wamevaa mabuti, bila sababu yoyote, na wanaporudi wanasema imekuwa siku nzuri sana.

Nyevu, tarehe ishirini na mbili haingoji mtu.

Kanze


Vitengeni, 5 Desemba 2024

Kanze,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nijue, ya pili nicheke vizuri.

Kumbe brandi ni kitu gani siku hizi, ni juisi ya ukwaju? Pombe ya Mwingereza, kwa kuwa inawaka buluu, inapigiwa makofi na aliyeokoka. Mnazi wa mkweo ndio wa shetani. Wewe mwenyewe uliolewa kwa kadzama, Kanze. Aliyeinywa ni babangu, na ulikaa kwenye mkeka umejifunika leso unatabasamu. Au hukuolewa? Kama hukuolewa sema, nimfahamishe Mzee Dzombo.

Mtoto nimemsomea, sikuruka mstari. Asubuhi yake akachukua mwiko, akasimama juu ya uji wangu, akauliza, "Hawe, mashariki ni wapi?" Nikamwonyesha kule jua linakotokea. Akakoroga, macho amefumba, mpaka uji ukashika chini. Nikamuuliza ameomba nini. Akalamba mwiko. Mtoto huyu hajawahi kunificha hata jino lililong'oka. Hiyo nayo ni zawadi yako.

Na meza ile usinidanganye nayo tena. Lynn huongea na mamake kila Jumapili kwa simu yangu, na mimi hukaa pale pale napepeta mchele. Emily analea bikizee wa Kiingereza. Anamwosha, anamlisha, anambeba kwenda chooni. Hiyo ni kazi, sisemi si kazi. Lakini Krismasi iliyopita watoto wa yule bikizee walikuja na wajukuu zake, wakakaa mezani, wakavaa hayo mataji. Moto wa buluu aliubeba kweli, akaufikisha, akarudi jikoni. Wakala wakaondoka kabla ya giza. Bikizee akalala. Emily alipokuwa anafagia akaokota kraka moja chini ya meza, nzima. Unajua alifanya nini? Ncha moja aliibana mlangoni, akavuta peke yake.

Alimsimulia mtoto huku anacheka. Lynn hakucheka.

Binti wa nyumba! Na huyo ndiye unayetaka nimpelekee mtoto? Mtu asiye na hata wa kuvuta naye karatasi?

Nyevu


Malindi, 15 Desemba 2024

Nyevu,

Nakusalimu. Sikujibu mapema. Niliandika barua nyingine kwanza, ndefu, ya matusi mazuri sana, nikaifungia mahamri ya wateja.

Habari ya mlango Emily hakuniambia. Mimi huniambia taa, na zulia, na moto wa buluu. Namuuliza, "Umekaa mezani?" Anasema, "Nimekaa, mama." Nami natoka hapo nawaambia watu wa sokoni mpaka wanakimbia wakiniona. Labda ndiyo maana akamwambia mtoto, hakuniambia mimi. Sitaki kulizungumza zaidi ya hapo, na ukija kulitaja mbele za watu nitakukana.

Lakini umeniuliza swali. Umeuliza kama huyo ndiye nataka apelekewe mtoto, mtu asiye na wa kuvuta naye. Rudia kusoma ulichokiandika, Nyevu. Ulikiandika wewe, si mimi. Huyo ndiye. Ni huyo huyo ninayempelekea.

Jumamosi tarehe ishirini na moja nakuja. Nimemwagiza Baya mgema anigemee mnazi wa asubuhi, usiochachuka, na mtungi nimeutoa kule uvunguni ulikokaa tangu msiba. Nitaubeba kichwani mwenyewe. Njia inapita mbele ya kanisa na Ochola hukosi kumkuta barazani. Akiniuliza nitamwambia ni mzigo wa mume wangu, na asiponielewa, aniombee.

Usidhani umenishinda. Leso yako silet.. nilikuwa nataka kuandika sileti. Nitaileta. Ni ya njano, haitakupendeza.

Kanze


Vitengeni, 18 Desemba 2024

Kanze,

Mtungi ujae. Mzee Dzombo haoni vizuri lakini anapima kwa kidole.

Usije na watu wa kanisa. Usilie mbele ya mtoto. Mimi silii.

Nywele nimemsuka.

Nyevu


Malindi, 6 Januari 2025

Wifi yangu,

Salamu za mwaka mpya. Mgongo unaniuma toka siku ile, mtungi ule si wa mtu wa umri wangu, na wewe ulikuwa unanitazama tu kutoka mlangoni mpaka nikaufikisha mkekani bila kunipokea hata kata ya kichwani. Shingo yangu imekusamehe, mimi bado.

Lynn alifika. Nakueleza yote kwa kuwa najua kwenye simu atakuambia robo, mtoto akiwa na furaha hasimulii vizuri. Bridgit alimshika mkono mpaka mwisho. Emily alimkuta uwanjani, na Bridgit anasema walisimama wameshikana mpaka watu wenye mizigo wakawa wanawazunguka. Baridi ilimpiga akasema, "Mama, nani ameacha friji wazi?" Siku ya Krismasi watoto wa bikizee hawakuja kabisa, barabara zilikuwa mbaya, au walisema hivyo. Emily akawa anataka kumpelekea bikizee chakula kitandani. Lynn akakataa. Wakamvalisha, wakamleta mezani, wakawa watatu. Wakavuta kraka kwa mzunguko, kila mmoja ameshika mbili, mkono huu na mkono ule. Zikalia zote. Na kila moja ikilia, Lynn naye analia juu yake: pa! Bikizee aliuliza kwa nini. Emily anasema mtoto alijibu kwa Kiingereza chake cha Vitengeni kwamba kwetu ndivyo inavyofanywa.

Nikakumbuka mkeka wa Mzee Dzombo. Mimi nilikuwa sijui kwamba Lynn alitoa kraka mbili ndooni akazianika juu ya bati. Nimeshasema "naomba mtoto", wewe umegeuza uso ukutani, yeye anakuja na moja imejikunja kama kamba ya katani. "Bibi shika huku. Hawe shika huku." Uliivuta kama unang'oa muhogo! Haikulia. Maji yalishaiua. Ikachanika tu, kimya, na hakuna mtu aliyejua afanye nini, mpaka Lynn mwenyewe akapiga kelele "Pa!" na Mzee Dzombo akaumwaga mnazi wote mapajani. Kipande kikubwa kikabaki kwako. Sheria ni sheria, taji lilikuwa lako. Ulipolivaa rangi nyekundu ilikuchuruzika mpaka kwenye nyusi, na hukujifuta.

Kipande kikubwa kilibaki kwako, na mtoto akaondoka na mimi. Hilo nimelifikiria sana nikikanda unga.

Njiani nilimuuliza aliomba nini kwenye uji ule. Hakuniambia hata mimi, kwa hiyo usijisikie vibaya.

Jambo la mwisho, kwa kuwa nimeanza kufundisha nimalize. Leo tarehe sita Waingereza hushusha mapambo yote. Mti unatolewa nje, taa zinafungwa, soksi zinakunjwa. Kinachobaki ukutani baada ya leo kinaleta mkosi mwaka mzima. Emily ameshatoa vyake. Wewe nawe uishushe ile soksi nyekundu aliyoitundika Lynn kwenye msumari wa kitanda chake. Ikunje, iweke.

Kanze


Vitengeni, 20 Januari 2025

Kanze,

Barua imefika, nimeisoma. Mimi mzima. Mguu, kwa kuwa hukuuliza safari hii, unauma.

Mahindi nimevuna kiasi. Mbuzi mmoja amezaa pacha. Uji nikipika naupika mwingi, nasahau, nampelekea Mangi. Leso ya njano nimeivaa mazishini kwa watu, wakaisifu. Nikawaambia nimenunua mwenyewe.

Namba yako siifungui. Kwenye simu unasema sana na hunipi nafasi. Barua nikichoka naiweka chini.

Umesema soksi ishushwe tarehe sita, la sivyo mkosi. Leo ni ishirini. Iko pale pale msumarini. Kila asubuhi naiona, na kila asubuhi naiacha. Mkosi ukija utanikuta nyumbani, tutaelewana wenyewe.

Chenza niliitia mle ndani, penye kidole gumba, usiku ule wa Krismasi. Usiniulize kwa nini. Imekauka imekuwa kama jiwe.

Ile kraka ya pili imebaki. Niliikuta juu ya bati alipoondoka, imekauka vizuri kuliko ile tuliyoivuta, labda hii italia. Nimejaribu kuibana mlangoni. Mlango wangu ni mbovu, tangu kaka yangu autengeneze haujakaza, haubani kitu.

Njia ya Vitengeni unaijua.

Nyevu